Nani Hulipa Mshahara wa Mtetezi wa Haki?

Toleo hili la safu ya maswali kuhusu kazi na kipato lina barua tatu, kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Kilosa. Waandishi wake hawafahamiani, lakini wanauliza jambo moja: mtu anayetaka kazi yake imfae mnyonge apate wapi mshahara unaomtosha yeye na wanaomtegemea? Barua zimefupishwa, na majina yamehifadhiwa kwa ombi la wenyewe.

Swali: Je, nikubali kazi ya kuwadai watu niliokuwa nikiwatetea?

Shikamoo mwandishi wa safu. Mimi ni binti wa miaka 28, nina shahada ya sheria na ninaishi Mbagala. Kwa miaka mitatu nilikuwa afisa wa msaada wa kisheria katika shirika moja lisilo la kiserikali, nikiwahudumia wafanyakazi wa majumbani walioachishwa kazi bila malipo na wajane walionyang'anywa mali na ndugu za marehemu. Mshahara wangu ulikuwa shilingi 900,000 kabla ya makato. Mwanzoni mwa mwaka 2025 mfadhili wetu, ambaye naye alitegemea fedha za serikali ya Marekani, alisimamisha malipo, na baadaye tukatangaziwa kwamba mradi umefungwa. Tangu hapo ninakwenda ofisini siku tatu kwa wiki kwa kujitolea, nami ninapewa nauli tu. Nina mkopo wa elimu ya juu, ninamtumia mama yangu fedha za matumizi, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Sasa kampuni moja ya mikopo imenipa nafasi ya afisa sheria kwa mshahara wa shilingi 1,400,000, na sehemu kubwa ya kazi ni kufuatilia wakopaji walioshindwa kurejesha. Wengi wao ni akina mama wa mtaani kwetu, wa aina ile ile niliyokuwa nikiitetea. Marafiki wananiambia kuwa haki hailiwi. Aliyekuwa bosi wangu ananiambia kuwa nikienda huko nitakuwa nimewauza wenzangu. Nifanye nini?

Jibu

Marahaba, binti yangu. Tuanze na hesabu, kwa sababu barua yako inazitazama shilingi 500,000 za nyongeza kana kwamba zote zitaingia mfukoni mwako. Katika mshahara wa 900,000, mchango wako wa asilimia 10 kwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ulikuwa 90,000, kodi ya mapato inayokatwa kwenye kinachobaki ilikuwa 80,500, na Bodi ya Mikopo, inayochukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ilichukua 135,000. Ulikuwa ukipokea 594,500. Katika mshahara wa 1,400,000 makato hayo hayo yatakuwa 140,000, 206,000 na 210,000, na utakachopokea ni 844,000. Tofauti ya fedha mkononi ni 249,500 kwa mwezi. Ni kweli kwamba makato ya Bodi ya Mikopo hayapotei, kwa kuwa yanapunguza deni lako, na mchango wa NSSF ni akiba yako. Hata hivyo mwenye nyumba hapokei taarifa ya mchango. Ninayasema haya si kwa kuidharau nafasi uliyopewa, bali ili ujue bei halisi inayotolewa kwa kitu unachoogopa kukiuza.

Unaweza kunijibu kwamba kwa sasa hupati hata hizo 594,500, kwa hiyo ulinganisho wa haki ni kati ya 844,000 na nauli. Uko sahihi, na ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza hauihusu kampuni ya mikopo hata kidogo. Punguza kujitolea kutoka siku tatu hadi nusu siku kwa wiki, tena kwa mashauri uliyoyaanza wewe mwenyewe ambayo mteja atadhurika ukiyaacha njiani. Mashauri mapya wapokee wengine. Shirika ambalo mradi wake umefungwa huendelea kuonekana lipo hai kwa jasho la vijana wanaotumaini kwamba mfadhili atarudi, na kila wiki unayoitoa hapo ni wiki ambayo hukuitumia kutafuta kazi, kuandika maombi, wala kujifunza jambo jipya.

Kuhusu kampuni yenyewe, usiikatae kwa jina lake, wala usiikubali kwa mshahara wake. Mikopo midogo inaongozwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayomtaka mkopeshaji awe na leseni ya Benki Kuu, na riba ina kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Wapo wanaofuata utaratibu huo. Wapo pia wale ambao watu wa Mbagala wamewapachika jina la kausha damu, na wapo waliohamia kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Nenda kwenye usaili ukaulize waziwazi: leseni yenu iko wapi, riba na ada zote zikijumlishwa zinafika kiasi gani kwa mwezi, na mkopaji akishindwa kulipa mnafanya nini siku ya kwanza, ya thelathini na ya tisini? Omba kuuona mkataba anaosaini mkopaji. Usaili ni wa pande mbili, ingawa sisi tumezoeshwa kuingia humo kama watuhumiwa.

Ikiwa ni kampuni yenye leseni, inayotoza riba ndani ya kikomo, inayotoa notisi na kukubali kupanga upya marejesho, basi mwanasheria mwenye moyo kama wako akiwa ndani yake anaweza kuwafaa wakopaji kuliko akiwa nje: anaweza kuandika mkataba kwa Kiswahili ambacho mama muuza samaki atakielewa kabla ya kuweka dole gumba, na anaweza kuzuia dhamana ya kiwanja cha familia isipokelewe bila ridhaa ya mke. Ikiwa ni kampuni inayotuma vijana kubeba magodoro, majiko na televisheni za watu bila amri yoyote, usiende, hata wakikuongezea. Na sababu ninayokupa si ya dhamiri peke yake. Umejenga jina mtaani kwa miaka mitatu, na jina hilo ndilo mtaji wa kila kazi ya haki utakayoifanya baadaye. Mama aliyekuona ukisimama nyuma ya waliobeba godoro lake hatakuletea shauri lake la mirathi.

Nakuomba sasa ulitazame lililotokea mwaka 2025 bila hasira wala aibu, kwa kuwa humo mna somo kuhusu kazi yako yote inayokuja. Tarehe 20 Januari mwaka huo Rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje, na tarehe 1 Julai shirika la USAID likakoma kufanya kazi zake lenyewe, mabaki yake yakahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje. Mwezi Februari Uingereza nayo ilitangaza kwamba msaada wake utashuka kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3 ya pato la taifa ifikapo mwaka 2027. Hakuna hata mmoja kati ya waliofanya maamuzi hayo aliyesoma majalada yako ya wajane wa Mbagala. Ulikosa mshahara kwa sababu aliyekulipa hakuwa yule uliyemhudumia, na yule uliyemhudumia hakuwa na namna yoyote ya kumzuia mlipaji asiondoke. Kwa hiyo kila utakapoitazama kazi mpya, uliza mambo mawili ambayo watu wa sekta yetu hawapendi kuyauliza kwa sauti: nani hulipa mshahara huu, na anayehudumiwa ana nguvu gani juu yake?

Serikali ni mlipaji wa kudumu kuliko wengi, na kazi za haki zimo: afisa kazi, afisa ustawi wa jamii, hakimu, wakili wa serikali, msuluhishi. Peleka maombi kila nafasi inapotangazwa na Sekretarieti ya Ajira. Ukomo wa umri wa miaka 45 unaoandikwa kwenye matangazo yake bado uko mbali nawe. Lakini usikae ukisubiri kuitwa.

Ninakotaka utazame kwa muda mrefu zaidi ni kwa walipaji ambao ndio wanaohudumiwa, yaani wanachama na wateja. Umefanya kazi na wafanyakazi wa majumbani. Basi unajua kwamba kundi hilo lina chama chake, CHODAWU, kinachowaunganisha na wafanyakazi wa hoteli na hifadhi, na kwamba chama cha wafanyakazi huendeshwa kwa ada za wanachama. Mshahara wa afisa wa chama mara nyingi huanza chini, uchaguzi wa viongozi huleta mivutano, na mambo hupita kwenye vikao vingi kuliko mtu wa umri wako anavyoweza kuvumilia. Pamoja na hayo, hakuna amri inayoweza kutiwa saini Washington ikakifunga. Katika miaka niliyokaa nikisikiliza migogoro ya kazi niliwaona wafanyakazi wengi wakishindwa, si kwa kukosa haki, bali kwa kuchelewa: mlalamikaji wa kuachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kufikisha shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na wengi hufika wakiwa wamezimaliza kwa kumbembeleza mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamruhusu mfanyakazi kuwakilishwa mbele ya Tume na afisa wa chama chake, na wakili, au na mtu aliyemchagua mwenyewe. Maana yake ni kwamba wewe, hata kabla ya kuwa wakili, unaweza kusimama hapo ukiwa umeajiriwa na chama au ukiwa msaidizi katika ofisi ya wakili wa mashauri ya kazi. Usitoze ada kwa jina lako kabla ya kuapishwa kuwa wakili. Hilo lina adhabu yake, na maadui wa mtetezi hutafuta kosa dogo kama hilo.

Uwakili wenyewe naushauri, ila si kesho. Mafunzo ya uanasheria kwa vitendo yanataka ada, nauli, chakula na muda usio na mshahara, na mtihani wake si wa kubeza: katika matokeo yaliyotangazwa mwaka 2022, kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu, na wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani. Anayeingia huko akiwa na deni la kodi ya nyumba hufanya mitihani miwili kwa wakati mmoja. Hapa ndipo nafasi ya kampuni ya mikopo, kama imepita kwenye maswali niliyoyataja, inapoweza kuwa na kazi maalumu maishani mwako. Ikubali kwa muda uliouandika mwenyewe kwenye karatasi, uishi kwa kiasi kile kile ulichokuwa ukiishi nacho, na zile 249,500 za ziada uziweke kando kila mwezi kwa ajili ya mafunzo. Ndani ya miezi 18 zitakuwa zimefika 4,491,000. Bila akiba hiyo, kazi hiyo itakuzoesha maisha ambayo hutaweza kuyashusha, na mpango wa kuondoka utaahirishwa kila Januari.

Wakili aliyejitegemea na mwenye nia yako huishi kwa mchanganyiko: mikataba ya shule na zahanati, usajili wa biashara ndogo, mashauri ya ardhi ya watu wenye uwezo wa kulipa, na kwa mapato hayo huweza kuchukua mashauri kadhaa ya wasio nacho bila kumwomba mtu ruhusa. Si maisha ya kifahari. Ila ofisi ya namna hiyo yenye wateja arobaini wadogo humpoteza mteja mmoja ikaendelea kufunguliwa asubuhi inayofuata, jambo ambalo shirika lenye mfadhili mmoja haliwezi.

Huenda baadaye asasi nyingine ikakuita tena, na sikukatazi kurudi, kwa sababu yapo mashauri ambayo hakuna mteja wala chama kitakachoyalipia. Kesi ya Rebeca Gyumi iliyopinga vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18 ilishinda Mahakama Kuu mwaka 2016, Serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikatoa uamuzi wake Oktoba 2019. Ni mteja gani wa kawaida angegharimia safari hiyo? Kazi ya aina hiyo inahitaji wafadhili, na ina thamani. Unachotakiwa ni kuingia macho yakiwa wazi: soma mkataba uone kama unaajiriwa au unaitwa mshauri, maana mshauri hukatwa asilimia 5 ya kodi ya zuio na kuachiwa fedha zake, hana mchango wa mwajiri NSSF, na mradi ukifungwa hana fao la kukosa ajira. Nimeona mashirika yaliyokuwa yakiwafundisha wafanyakazi haki zao huku maafisa wake wenyewe wakifanya kazi kwa mikataba ya ushauri iliyohuishwa mwaka hadi mwaka.

Na huyo bosi wako wa zamani muulize kwa adabu yeye kwa sasa analipwa na nani. Umaskini wa mtetezi haumwongezei mteja wake haki hata chembe, na anayewataka vijana wauthibitishe uaminifu wao kwa kulala njaa mara nyingi ni yule ambaye mshahara wake haukufungwa pamoja na mradi.

Swali: Mhasibu anawezaje kuitumikia jamii bila kuacha familia na njaa?

Heshima kwako. Mimi ni mhasibu niliyesajiliwa, nina miaka 37, mke na watoto watatu, na ninafanya kazi katika kampuni ya vinywaji jijini Mwanza. Mshahara unatosha. Tatizo langu ni kwamba mwisho wa kila mwaka ninachokabidhi ni faida ya watu ambao tayari wanayo mengi, wakati wazazi wangu huko Kwimba ni wakulima wa pamba ambao kila msimu hulalamikia makato wasiyoyaelewa. Wenzangu wawili wananishawishi tusajili shirika letu la kutetea wakulima. Mke wangu hataki kulisikia. Unanishauri nini?

Jibu

Ndugu yangu, mke wako ana hoja, na ninaomba radhi kwa wenzako wawili. Kusajili shirika chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 hakuleti fedha; kunaleta wajibu wa taarifa, ada na vikao. Ndani ya mwaka mmoja mhasibu hodari atakuwa amegeuka mwandishi wa maandiko ya miradi, akimweleza mtu wa mbali kwa lugha ya mtu huyo matatizo ambayo wazazi wake wanayaeleza vizuri zaidi kwa Kisukuma. Soma pia niliyomjibu binti wa Mbagala kuhusu walipaji wanaoondoka.

Lakini naona hujatambua kwamba jambo unalolitafuta liko ndani ya taaluma yako, tena lina historia katika mji unaoishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 malalamiko makubwa ya wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa yalihusu mizani. Mkulima alifika na pamba yake, mnunuzi akapima, na uzito uliosomwa haukuwa uzito uliobebwa. Paul Bomani, aliyekuwa tayari akishughulika na ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, hakuanza na hotuba. Yeye na wenzake waliwaunganisha wakulima katika vyama ili wapime na kuuza wenyewe, na kufikia mwaka 1955 vyama hivyo vilikuwa vimeungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, uliokuja kuwa miongoni mwa miungano mikubwa ya ushirika barani Afrika. Bomani aliingia serikalini na kuwa waziri wa fedha. Dhuluma ilikuwa kwenye mizani na kwenye daftari, kwa hiyo na dawa yake ilipikwa huko huko.

Leo mizani imebadilika na daftari limebaki. Mkulima anauza kupitia chama cha msingi cha ushirika wa mazao, AMCOS, na kati ya bei iliyotangazwa na fedha anayopokea kuna tozo, ushuru, mchango wa chama, gharama za usafirishaji na marejesho ya pembejeo, vyote vikiwa kwenye karatasi ambayo aghalabu haisomwi kwa sauti mkutanoni. Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO, hukagua, na Tume ya Maendeleo ya Ushirika husimamia, lakini ukaguzi huja baada ya msimu kwisha na fedha kuliwa. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika vitabu vizuri msimu ukiendelea na wa kuwafundisha wajumbe wa kamati ya usimamizi namna ya kuvisoma.

Kwa hiyo usiache kazi mwaka huu. Jiunge na SACCOS, yaani ushirika wa akiba na mikopo, au AMCOS ambako una sifa za uanachama, huko Kwimba au mjini, ugombee nafasi katika kamati ya usimamizi, na ujifunze kwa msimu mmoja mzima fedha hupita wapi. Utalipwa posho ya kikao tu, na wakati mwingine hata hiyo hutaipata. Utapata maadui pia, kwa kuwa mjumbe anayeomba stakabadhi hapendwi na katibu aliyezoea kumbukumbu za kichwani. Baada ya hapo mkae na hao wenzako wawili, si kwa ajili ya shirika, bali kwa ajili ya ofisi ya uhasibu inayofuata taratibu za Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, yenye huduma moja ya kuanzia: kuandaa hesabu za vyama vya ushirika vya wilaya mbili au tatu kwa ada ambayo mkutano mkuu wa wanachama umeipitisha. Anza na vyama vitano jioni na Jumamosi, baada ya kusoma kama mkataba wako wa ajira unaruhusu kazi ya pembeni. Siku ada za vyama zitakapolipa ada za shule za watoto watatu, mzungumze na mama watoto upya.

Iwapo hutafika huko, na ukabaki kampuni ya vinywaji hadi kustaafu, usijione umeshindwa. Mwalimu Nyerere aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955 ili aitumikie TANU kwa muda wake wote, na wengi tunakumbuka hatua hiyo kama ushujaa wa mtu mmoja. Waliokuwa na biashara zao, kina Dossa Aziz na John Rupia, ndio waliotoa fedha na vyombo vya usafiri, na hawakuacha biashara ili kuthibitisha uzalendo wao. Chama cha wakulima chenye mwanachama mwenye mshahara wa uhakika, anayeweza kutoa mchango na kusema hapana bila kuogopa kukosa posho, kina bahati.

Swali: Nisome nini ili nitetee wanaogombania ardhi?

Shikamoo. Nina miaka 20 na nimemaliza kidato cha sita kwa masomo ya Historia, Jiografia na Uchumi. Nimekulia Kilosa, ambako watu bado wanazungumzia mauaji ya Rudewa Mbuyuni ya Desemba 2000, walipokufa watu 38 katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Ninataka kazi ya kuzuia mambo hayo. Kaka yangu anasema nisome sosholojia, baba anataka sheria, na mimi ninaogopa kusoma kitu kisicho na ajira.

Jibu

Marahaba, mwanangu. Kwa Kilosa na wilaya zinazofanana nayo, ningeanza na ardhi yenyewe kabla ya kesi za ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakiruhusu kijiji kutoa hatimiliki za kimila, lakini kabla ya hati lazima mipaka ya kijiji ijulikane na pawe na mpango unaoonyesha malisho, mashamba, vyanzo vya maji na njia za mifugo viko wapi. Pale ambapo ramani hiyo haipo, mfugaji na mkulima wote wawili wanaweza kuwa wakweli na bado wakapigana. Kwa hiyo tazama kozi za usimamizi wa ardhi na mipango ya matumizi ya ardhi katika Chuo Kikuu Ardhi, kozi za Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini kilichopo Dodoma, au stashahada za Chuo cha Ardhi Morogoro kilicho karibu na kwenu. Upimaji wenyewe hutaka hisabati ya kutosha. Soma sifa za kila kozi kwenye mwongozo wa udahili kabla ya kulipa ada ya maombi.

Kwa swali lako la ajira, faida ya ujuzi huu ni kwamba una walipaji wengi wasiotegemeana. Halmashauri huajiri maafisa ardhi na maafisa mipango, kampuni binafsi za upimaji na urasimishaji hulipwa na wananchi wenyewe kwa kila kiwanja, Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi inahitaji wataalamu, na asasi za haki za ardhi zikipata fedha hutafuta mtu anayeweza kuchora ramani kabla ya kumtafuta anayeweza kuandika ripoti. Mmoja akikwama, unahamia kwa mwingine na ujuzi ule ule. Shahada ya sosholojia ina heshima yake, na utaihitaji hekima yake siku utakapowakalisha Wakaguru na Wamasai kwenye mkutano mmoja, ila kwa mtu asiye na wa kumlipia miaka ya kusubiri ajira siipendekezi iwe ya kwanza. Mwambie baba kwamba sheria unaweza kuisoma baadaye ukiwa kazini, nawe utaisoma ukiwa unajua mpaka unaobishaniwa unapita wapi.

Wakati unasubiri majibu ya udahili, nenda kwa mtendaji wa kijiji chenu uombe kuhudhuria vikao vya Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, na wasiopungua watatu wanatakiwa wawe wanawake. Hawalipwi mshahara, husuluhisha tu, na mengi ya mashauri wanayoyasikia hayafiki gazetini. Kaa nyuma, usichangie, uandike kwenye daftari ni mpaka upi unaotajwa mara nyingi na kila upande unauonyesha kwa alama gani: mti, kijito au kichuguu. Daftari hilo utalihitaji mwaka wa pili wa chuo, watakapokupeleka mazoezi ya vitendo na kukuuliza unataka kwenda kijiji gani.